Nyumba ya Kale Ufuoni Shela: Kipi Kiingie, Kipi Kibaki

Safari yetu ya wiki hii ni ya Shela, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Lamu, kiasi cha kilomita 3 kutoka mjini. Atokaye Mombasa kwa basi hupita Malindi na Garsen, akateremka Mokowe, na safari iliyosalia ikawa ya baharini. Kutoka gati ya Lamu waweza kuufuata ufuo kwa miguu maji yakitoka, ama ukapanda mashua. Ukikaribia, wa kwanza kukupokea ni mnara mweupe wa Msikiti wa Ijumaa, msikiti uliojengwa mwaka 1829, kisha mapaa ya makuti, na nyuma yake vilima vya mchanga. Wageni huvipiga picha vilima hivyo na kwenda zao. Mwenyeji huvitazama kwa jicho jingine, kwani mvua inayozama humo ndiyo iwapayo watu wa Lamu maji matamu ya visima vyao.

Watu wa Shela husimulia kuwa wazee wao walitoka Manda, kisiwa kinachoonekana ng'ambo ya mkondo. Na ni kwenye ufuo huu, mnamo mwaka 1812 au karibu yake, watu wa Lamu walipowashinda Wapate pamoja na Mazrui wa Mombasa. Baada ya vita hivyo biashara ya Lamu ilinawiri, ngome ikakamilika mjini mnamo 1821, na nyumba za mawe zikazidi kusimama. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na jina la kisiwa likaenea mbali kuliko mashua zake zilivyowahi kufika.

Nilikwenda kwa sababu ya nyumba moja. Ni nyumba ya ukoo wa sahibu yangu, hatua chache kutoka majini, na mamake, ambaye sote twamwita Bimkubwa, ndiye aishiye humo. Baba wa nyumba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mafungu ya urithi yaligawanywa kama sheria ielekezavyo: mjane ana lake, wana wawili wa kiume wana yao, binti ana lake. Wale wawili wako mbali na kazi zao, na wanunuzi wa nyumba hawakosekani Shela. Wakasema, kwa adabu, kwamba nyumba isiyokaliwa ila na mtu mmoja, inayoanguka chokaa kila masika, ni afadhali iuzwe na kila mtu apewe chake. Binti akaomba muhula wa mwaka mmoja aitengeneze na kuipamba, ghorofa ya juu ipangishwe kwa familia zitakazo kupumzika baharini pasipo kuvunjiwa sitara yao, nayo nyumba ijilishe yenyewe. Wakakubali. Kwa hiyo mapambo ninayoyaeleza hapa si ya anasa. Yakienda kombo, nyumba itauzwa.

Kwanza nikueleze nyumba yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa katika fleti za Mombasa na majina haya yanatupotea. Mlangoni pana daka, na baraza za mawe kulia na kushoto, ambapo mgeni wa kiume huketi bila kuingia ndani. Ukivuka mlango wa kuchonga huoni nyumba, waona ukuta. Kiingilio kimepindwa makusudi, kiitwacho tekani, ili mpita njia asione kitu hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, ua mdogo ulio wazi juu, uletao mwanga na upepo. Ukipita kiwanda waingia msana, chumba kirefu chembamba. Nyuma yake msana wa pili. Na mwisho kabisa ndani, chumba cha wenye nyumba. Kila hatua sakafu hupanda kidogo na giza huzidi kidogo. Aliyejenga alijua kuwa nyumba huingiwa kwa daraja, na kwamba si kila mtu afikaye mlangoni ana haki ya kufika mwisho.

Vyumba ni vyembamba, takriban mita 2.5 hadi 3 kwa upana, na sababu yake ni mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu huo kwa nguvu ya kuaminika. Juu yake hupangwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hili ni jambo la kulikumbuka kabla hujanunua kiti hata kimoja. Seti ya makochi ya duka, lile kubwa na mawili madogo, ikiingizwa humo watu hupita ubavu-ubavu kama kaa. Wazee walikaa chini: jamvi, juu yake busati, magodoro membamba kandokando ya ukuta mrefu, na mito. Katikati hubaki njia ya sinia. Mtindo huu wa kukaa ndio majarida ya ng'ambo yauitao leo mtindo mpya wa pwani, nao huuzwa kwa bei. Bibi zetu walikuwa nao bila jarida.

Katika chumba cha ndani ukuta wote wa mwisho umejaa zidaka, safu juu ya safu, zimefinyangwa kwa chokaa na kuchongwa nakshi kama lesi. Humo zilikaa sahani za Kichina zilizoletwa na majahazi, mitungi midogo, misahafu, vikombe vya kahawa. Kwenye chumba hicho ndipo watu wa nyumba walipozaliwa, ndipo bibi harusi alipotiwa, ndipo mzee alipolazwa siku yake ya mwisho. Ukisimama mbele ya zidaka hizo jioni, taa ikiwa chini, kila kidaka hushika kivuli chake na ukuta huonekana una kina kisicho na mwisho. Sijaona pambo la kisasa lililonitua macho kiasi kile.

Sasa, mkandarasi wa kwanza aliyeitwa, nami simtaji, alikuja na simu iliyojaa picha. Alipendekeza mambo matatu. Kuta zikwanguliwe na kupigwa plasta ya saruji, kisha rangi ya plastiki nyeupe, “ikae miaka kumi”. Safu mbili za zidaka zivunjwe apate nafasi ya kutundika runinga kubwa. Na ukuta wa ndani uelekeao bahari utobolewe, lipachikwe dirisha la kioo kutoka sakafu hadi dari, kwa kuwa mgeni hulipia bahari. Sahibu yangu aliyasikiliza yote. Bimkubwa alikuwa akichambua asmini juu ya sinia, hakuinua macho. Akasema tu: “Mwanangu, dirisha ambalo mimi nitaiona bahari, bahari nayo itaniona.” Mkandarasi alimaliza chai yake.

Niongeze kuhusu saruji, kwa maana hapa ndipo nyumba zetu nyingi zinapofia. Ukuta wa matumbawe ni mnene, nusu mita hivi, na una vitundu kama sponji. Hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa polepole kupitia chokaa. Maji yakitoka huacha chumvi juu ya ukuta. Chokaa humomonyoka kidogo, hupakwa upya, maisha yakaendelea. Ndiyo maana wazee walipaka chokaa mara kwa mara, na hawakuona kuwa ni kasoro, kama mtu asivyoona kasoro kufua kanzu. Saruji haina huruma hiyo. Huziba. Unyevu ukikosa njia ya kutokea hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuipasua kwa vipande vikubwa. Baya zaidi, ncha za boriti zilizozikwa ukutani hubaki katika maji na kuoza pasipo mtu kujua, hadi siku dari itakaposhuka. Rangi ya plastiki hufanya lilelile kwa kiasi chake: hufura, ikawa malengelenge. Mweupe ule wa mwaka wa kwanza hupendeza sana, nakiri. Mwaka wa tatu nenda ukaangalie.

Na ukweli usemwe, hata kama unauma. Tangu miaka ya sabini wageni kutoka Ulaya wamenunua nyumba nyingi Shela, na wengi wao wamewaita mafundi wetu wa zamani, wakawaambia wajenge kwa chokaa na boriti kama babu zao. Sisi tuliobaki na nyumba zetu tumeleta saruji tukidhani ndiyo maendeleo. Matokeo ni kwamba kuna kijana wa Shela anayejua kuchonga plasta ya zidaka kwa ustadi mkubwa, na hajapata kuichonga katika nyumba ya Mswahili mwenziwe. Bei za nyumba nazo zimepanda mahali ambapo mtoto wa hapa hazifikii. Silaumu mnunuzi aliyelipa haki ya mtu. Nasema tu kwamba nyumba ikiuzwa, hata ikatunzwa vizuri, haitazaa tena bibi harusi wa ukoo ule.

Fundi wa pili alipatikana kwa kuulizia msikitini. Ni mzee mwenye maneno machache. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, kama tabibu agongavyo kifua cha mgonjwa, na kila aliposikia sauti tupu alitia alama ya mkaa. Ilipokwisha kazi hiyo, nyumba ilikuwa na alama nyingi kuliko nilivyopenda kwa niaba ya sahibu yangu. Chokaa ikaagizwa: mawe ya matumbawe huchomwa juu ya kuni hadi yawe meupe na mepesi, yakapoozwa kwa maji, yakaachwa shimoni yatulie. Kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyolainika. Magunia na mawe ya kuzibia yalivuka kwa mashua kutoka Manda, yakapandishwa vichochoroni kwa punda, kwa sababu hakuna gari lipitalo humo. Plasta mpya ilinyunyiziwa maji na kufunikwa magunia mabichi isikauke kwa pupa. Rangi ya mwisho ni chokaa ileile, nyepesi kama maziwa, mikono minne, na kila mkono ukuta ukilowanishwa kwanza. Ukipaka ukuta mkavu, chokaa hubaki unga na itakuchafua mgongo kila ukiegemea.

Haya ndiyo yaliyochukua muda na karibu fedha zote. Mapambo yenyewe, yale ambayo majarida huanza nayo, yalikuja mwisho na hayakugharimu mengi.

Nyumba nyeupe ya chokaa haihitaji rangi nyingine ukutani. Rangi huletwa na vitambaa, na hapa sahibu yangu alikuwa mkali kwa nafsi yake: alichagua buluu ya nili na rangi ya mchanga, akaacha nyingine zote dukani. Mito ilishonwa Lamu. Mashuka ni pamba tupu, kwa sababu nailoni na joto la Shela havikai kitanda kimoja. Kipo kipande cha tanga chakavu cha mashua, kimefuliwa mara nyingi hadi kikalainika, kimeangikwa msana wa mbele kugawa chumba panapolazimu, kazi ambayo zamani ilifanywa na msutu. Kasha la bibi yake, lenye misumari ya shaba, limekuwa meza. Kitanda cha samadari kilichokuwa stoo kimevuliwa rangi ya mafuta iliyopakwa na sijui nani, mbao zake zikapumua. Kiti cha enzi kimoja kilichobaki kimesukwa upya kamba na kuwekwa mahali ambapo watoto hawafiki.

Maduka ya mapambo hupenda sana kuuza “bahari” kwa vipande: viti vya pweza vilivyokaushwa, matawi ya matumbawe, magamba ya ng'amba. Naomba tuviache. Kasa na kila kitokanacho naye kinalindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya, na matumbawe yaliyong'olewa yakiwa hai ni nyumba ya samaki iliyobomolewa kwa ajili ya rafu ya sebuleni. Sanamu za wanyama na watu hazikuingia pia. Sababu yake msomaji waijua. Badala yake ukutani pana ubao mmoja wa khati, na chetezo cha udongo, na harufu ya udi alasiri. Chombo kimoja cha kioo cha buluu kimewekwa dirishani, nami niliona kimoja chatosha. Sahibu yangu alitaka vitatu. Hilo twalijadili bado.

Umeme ulileta mashauri marefu. Fundi hakutaka ukuta wa nakshi utobolewe hata tundu la msumari, basi nyaya zikapitishwa pembeni ya boriti, zikiwa ndani ya mirija iliyopakwa rangi ya mti. Taa ni ndogo, za mwanga wa manjano, zimewekwa chini zikitazama juu. Taa nyeupe ya dukani iliyoning'inia katikati ya dari ilitolewa siku ya kwanza. Chini yake zidaka zilikuwa zimelala bapa kama karatasi. Kiyoyozi hakikuwekwa. Kuta nene na kiwanda vyatosha kwa mtu aliyeacha madirisha yake wazi usiku, na upepo wa kaskazi ama wa kusi hauna bili.

Lakini bahari? Mgeni hulipia bahari, mkandarasi yule hakusema uongo. Jawabu lilitoka ghorofani. Juu, chini ya paa la makuti, zamani palikuwa jiko na mahali pa wanawake kuanika nguo na kuzungumza na jirani. Upande wa maji pameachwa wazi kwa kimo cha mtu aliyeketi, na kutoka hapo hadi juu pana mbao zilizolala mshazari, mwanga na upepo vikapita. Sehemu ya chini ina ukuta mfupi. Mama akiketi kwenye godoro na kichwa chake hakikufunikwa, aona majahazi, aona Manda, aona watoto wake ufuoni, na aliye ufuoni haoni ila mbao na kivuli. Nililala hapo usiku wangu wa mwisho. Bila ya haya ya kusema, sijapata kuitazama bahari kwa raha namna ile tangu nivae buibui.

Kuna jambo dogo la chooni ambalo ningependa lirudi katika nyumba zetu zote. Pale pana birika la kale, tangi la mawe lililosiribwa kwa chokaa laini, ambalo mtu huchota maji ya kuogea kwa kata. Wazee walitia humo samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Bomba la mvua limewekwa kando kwa ajili ya wageni, lakini birika limesafishwa na kujazwa, na samaki wanne wamo. Watoto wa familia ya kwanza iliyofika kutoka Nairobi hawakutaka kutoka chooni.

Familia hiyo ilikaa siku 5. Mama mwenye nyumba hakupika kwa ajili yao. Walipewa jiko lao juu, wakanunua samaki wao gatini. Walipoondoka waliomba kurudi wakati wa likizo ya Desemba wakiwa na mashemeji. Sahibu yangu ameandika mapato na matumizi katika daftari la mkono, kila senti, kwa sababu daftari hilo ndilo litakalosomwa mbele ya ndugu zake. Mapato hayajazikuta gharama. Chokaa peke yake imekula zaidi ya makadirio, na upande wa nyuma, zilipo alama nyingi za mkaa, haujaguswa.

Runinga ipo, katika msana wa mbele, juu ya kasha, nayo hufunikwa kitambaa isipowashwa. Zidaka hazikuvunjwa. Ilipokauka chokaa ya chumba cha ndani, Bimkubwa aliwatuma watoe sahani zake chini ya kitanda, zilizofungwa kwenye shuka kuukuu tangu kabla ya arusi ya bintiye. Zilikuwa nne, mojawapo ina ufa. Alizifuta mwenyewe, akazipanga mwenyewe, ile yenye ufa akaiweka katikati ya safu ya juu. Katika zidaka za chini, mkono unapofika, ameweka msahafu, miwani, na chupa ya dawa yake ya shinikizo la damu. Wanawe wawili wamesema watafika baada ya mfungo, inshallah, na daftari litafunguliwa pale pale kwenye daka.